Jumamosi za Kwembe

Mwezi uliopita tulimzika Bi Maryam, na siku ya khitma yake nilikuwa jikoni kwao Kinondoni, mimi na binti yake Zuhura, tukipakua pilau kwenye masinia. Marehemu alikuwa ameishi miaka mingi na kuugua siku chache, akatuaga kila mmoja kwa jina, kwa hiyo machozi yetu yalikuwa mepesi. Alikuja jikoni mkwe mpya wa ukoo ule, msichana mwenye adabu, akapokea sinia, akanitazama kidogo, kisha akaniuliza, "Samahani shangazi, wewe ni ndugu wa upande gani?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Mimi ni Sekela, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu mstaafu, Mkristo, na siku ile nilikuwa nimejifunga khanga ya marehemu kiunoni na kuamrisha watu jikoni kwake. Na huko uani, katikati ya wanaume wa Kiarabu wenye kanzu, alikuwa amekaa Gaudence, Mchaga wa Rombo, bega kwa bega na Nassor, mdogo wake Zuhura, akilia kuliko wafiwa. Zuhura alinitazama, nami nikamtazama, tukashikwa na kicheko kile cha msibani ambacho ukikizuia ndiyo kinazidi. "Huyu," Zuhura akamwambia yule msichana akijifuta macho kwa upindo wa mtandio, "huyu tulimpata kwenye baiskeli." Msichana alidhani anataniwa. Nimeona niandike, kwa sababu haikuwa utani, na kwa sababu kwenye dua zote zilizosomwa siku ile hakuna aliyetaja kwamba Bi Maryam aliwahi kupanda mlima.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza wa kazi yangu. Nilipangiwa shule moja ya msingi ndani kabisa ya Kibamba, wakati huo ukiteremka barabara ya Morogoro unaingia kwenye mchanga, mikorosho na mashamba ya mihogo, na taa za umeme unaziacha nyuma yako. Nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, nimekigawa kwa pazia: huku kitanda, kule jiko la mafuta ya taa, meza, na stuli mbili. Sikuipenda Dar. Niliota mvua za kwetu na ndizi za kwetu, na wanafunzi walinicheka kila niliposema "mwee" nikishangaa kitu. Nilikuwa nimeamua kimoyomoyo kwamba mwaka ukiisha naomba uhamisho, narudi nyumbani. Lakini shule ilikuwa mbali na chumba changu na njia ni ya mchanga, viatu viliisha haraka, nikaona nitafute baiskeli. Nikaelekezwa duka moja la vipuri Mabibo, karibu na soko, ambako kijana mwembamba wa Kiarabu alikuwa anauza baiskeli za mtumba zilizoshushwa melini. Huyo ndiye Nassor. Nilitaka baiskeli ya kawaida ya kike yenye kikapu mbele. Akanitazama, akauliza nakaa wapi, nikamwambia. "Ticha," akasema, "kwa mchanga wa Kibamba hiyo utaisukuma, haitakubeba. Chukua hii ya gia." Nikawa nabisha, ndipo akaingia jamaa mmoja mfupi, tai shingoni, jasho likimtiririka, anasukuma baiskeli kama hiyo hiyo niliyokuwa nauziwa. Amekuja kulalamika kwamba gia zinaruka. Alikuwa karani kwenye ofisi moja ya Ubungo, na jina lake Gaudence. Nassor akampa bisibisi, akamwonyesha pa kukaza, kisha akatuambia sote wawili kwamba gia hazijifunzi dukani. Jumamosi anapandisha baiskeli kwenye pikapu ya baba yake kwenda vilima vya Kwembe; tukitaka tuje.

Ndivyo chumba changu kilivyogeuka kituo, maana kilikuwa ndicho cha mwisho kabla ya vilima. Kila Jumamosi asubuhi pikapu ilisimama mlangoni, tukanywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, tukaingia porini. Sasa hivi huko kote ni nyumba, mageti na maduka ya saruji, na nikiwaambia majirani kwamba pale kwenye ghorofa la mchungaji nilizama na baiskeli kwenye tope hadi magotini wananiona nazeeka vibaya. Lakini wakati ule kulikuwa na vijia vyembamba vya wachoma mkaa, vinapanda na kushuka, vinavuka makorongo, mizizi imetokeza juu, na udongo mwekundu ambao ukikauka unakuwa kama kokoto na ukilowa unakuwa kama sabuni. Gaudence alianguka mara nyingi kuliko sisi wote na kila akianguka aliita "Yesu na Maria!" kwa sauti ya kuita watu aliokuwa na miadi nao. Nassor alikuwa anapaa tu. Mimi nilipenda kupanda. Kushuka nilikuogopa, ila kupanda, ukiweka gia nyepesi, ukavuta pumzi, ukatazama mita mbili za mbele yako na si zaidi, kulinifaa sana mtu niliyekuwa na upweke mkubwa. Nikifika juu nilijikuta sijawaza nyumbani tangu bondeni.

Kulikuwa na mteremko mmoja tuliouita Meno. Mvua zilikuwa zimeumomonyoa, mawe yakabaki yamesimama pande zote za kijia, mengine katikati, na ukishuka ilibidi uache breki ya mbele kabisa, uukalishe mwili nyuma ya kiti, uiache baiskeli ichague yenyewe. Nassor aliushuka akipiga mluzi. Gaudence alichukua muda mrefu kabla ya kuthubutu. Mimi nilikuja kuweza, kwa shida.

Siku moja, masika yakikaribia, Nassor alikuja na mtu wa nne kwenye pikapu. Alikuwa dada yake, mwanamke wa umri wangu, mwenye buibui jeusi na uso uliokonda. "Dada yangu Zuhura," alisema. "Amekuja kupunga upepo tu." Pembeni akaniambia yaliyobaki. Zuhura alikuwa amefiwa na mume, ndoa ikiwa bado changa, mtoto hawakuwa wamepata. Alikuwa ametoka eda muda si mrefu na tangu atoke haendi popote, haongei, na chakula anakigusa tu. "Mama analia jikoni kila siku, Ticha. Mie sijui nifanye nini, nikasema basi angalau aone miti." Siku ile tulimwacha chumbani kwangu. Tuliporudi tulimkuta amekaa pale pale kwenye stuli, ila alikuwa amefua mataulo yangu yote na kuyaanika. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Ya tatu, nikamwambia baiskeli yangu ina kiti cha chini, ajaribu hapo uani tu, hakuna anayemwona. Akakunja buibui, ndani alikuwa na suruali ya kitambaa, akapanda, akaanguka kwenye kamba ya nguo. Akanyanyuka. Hakucheka wala hakulia. Akapanda tena, kama mtu aliyepewa kazi.

Nassor alimtafutia baiskeli ndogo ya bluu. Zuhura alikuwa hodari kwa namna ya ajabu, hachoki, hasemi, anafuata nyuma ya gurudumu langu kama kivuli. Kitu kimoja tu hakukifanya: kushuka Meno. Akifika pale anashuka chini, anasukuma baiskeli taratibu pembeni hadi bondeni, na sisi hatukumwambia kitu. Siku moja tulipanda kilima kirefu cha kuelekea Pugu kwenye jua kali, tukarudi kwangu tumekufa. Nilikuwa nimepika ugali na kisamvu cha nazi, watu wakala, vyombo vikaondolewa. Ndipo ikasikika sauti ya Zuhura nyuma ya pazia, "Sekela, ugali umebaki?" Nassor alikuwa anakunywa maji. Akaweka kikombe chini, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu akijifanya anakagua mnyororo. Ugali haukuwa umebaki. Nilisonga mwingine haraka haraka, ukatoka na mabuje, Zuhura akaula wote.

Idi ya mwaka ule nilialikwa kwao Kinondoni, ndipo nilipomwona Bi Maryam kwa mara ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili. "Marahaba mwanangu. Kumbe ndiye wewe ticha wa upepo." Alijua kwamba binti yake anakuja kwangu na anarudi na njaa, ya baiskeli hajaambiwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi vyenye mapazia mazito, harufu ya udi, na makochi ambayo plastiki yake haijatolewa. Mimi na Zuhura tulikula chumba cha nyuma, wali, kuku wa kupaka, na kachumbari yenye embe bichi. Sebuleni kulikuwa na wakubwa, na mmoja wao, shangazi yao Bi Rukia, alikuwa na sauti isiyojua kuta. "Maryam, mtoto mbichi vile anakaa ndani mpaka lini? Salim wa Tabora naye kafiwa, ana maduka yake, ana watoto wanahitaji mama. Ameshaniuliza mara mbili. Tumjibu nini?" Bi Maryam akasema, "Mwacheni kwanza ale." Bi Rukia akasema kula atakula kwa mumewe. Niligeuka nikamwona Zuhura, tonge liko mkononi, mkono umesimama katikati ya sahani na mdomo. Akalirudisha tonge kwenye wali, akaosha mikono. Nilitamani niseme kitu. Lakini mimi mgeni, na nyumba si yangu, na zaidi ya yote nilikuwa msichana ambaye mwenyewe alishafungasha mizigo moyoni. Ningemwambia asimamie lipi?

Wiki zilizofuata Zuhura alirudi kunyamaza. Mvua zilikuwa zimekatika na njia zimeharibika vibaya. Jumamosi moja Nassor alizuiwa dukani kushusha mzigo, na Gaudence alikuwa kazini, basi Nassor akamtuma dereva wa duka amlete Zuhura peke yake. Tukaenda wawili. Pale Meno mawe yalikuwa yametokeza zaidi kuliko tulivyoyaacha. Zuhura akashuka kwenye baiskeli yake kama kawaida. Mimi nilipaswa kushuka pia, lakini nilikuwa nimekasirika siku ile, nimemkasirikia Bi Rukia, nimeikasirikia Tabora nzima ambayo sijawahi kuiona, nikaiachia baiskeli. Nakumbuka gurudumu la mbele kunasa. Nakumbuka mbingu. Kisha nilikuwa nimelala chini, mguu wa kulia umekunjika chini yangu na damu inatoka juu kidogo ya kifundo, na kinywa kimejaa udongo.

Zuhura alifika akiteleza kwa makalio, akiiburuta baiskeli yake. Hakupiga kelele. Alivua mtandio wake, akaukunja, akaufunga mguu wangu kwa nguvu hadi nikaita mama yangu kwa Kinyakyusa. Kisha akatazama huku na huko, kichwa wazi, akachukua sweta langu nililokuwa nimelifunga kiunoni akajifunika nalo, mikono ya sweta akaifunga chini ya kidevu. Alifanana na mtoto mwenye surua. "Usisogee," aliniambia. "Usilale. Naenda kutafuta watu." Nikamwambia asukume baiskeli polepole, asije akaumia naye tukakaa hapa wote hadi kesho. Akatazama chini kule, bonde lote lile la mawe, akasema, "Nikisukuma nitachelewa."

Nilimwona kwa nyuma tu. Alisimama kwenye pedali, akarudisha mwili nyuma ya kiti kama alivyokuwa ametuona tukifanya Jumamosi zote zile alizokuwa anapita pembeni. Jiwe la kwanza lilimrusha. La pili likamwegemeza kushoto, mguu wake ukagusa ardhi, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshapita katikati, buibui linapepea, mikono ya sweta inapepea, baiskeli ya bluu inaruka ruka chini yake, halafu kijia kikapinda na nikabaki nikisikia mnyororo unavyogonga fremu, kwa mbali, kwa mbali zaidi, hadi nikasikia ndege tu. Nimefundisha watoto wengi sana tangu siku ile, nimeona wengi wakiweza kitu ambacho jana yake hawakukiweza, na bado sijui kinachotokea ndani ya mtu saa ile. Najua tu kwamba maumivu yangu yalikaa kando kidogo nikawa natabasamu peke yangu porini na meno yenye udongo.

Alirudi na wachoma mkaa wawili na baiskeli yao ya mizigo. Walinikalisha kwenye karia juu ya gunia, mmoja akasukuma, mwingine akashika mguu wangu, na Zuhura mbele akiondoa matawi njiani na kuwaamuru: polepole, shika hapo, wewe kaka usimtikise. Wanaume wale wakawa wanamwitikia "sawa dada, sawa dada." Hospitali walisema mfupa umepata ufa. Nikafungwa plasta kutoka kwenye goti kwenda chini, nikarudishwa chumbani kwangu, na Zuhura akagoma kurudi kwao. Alisema atakaa aniuguze, na akakaa.

Ilibidi sasa Bi Maryam aambiwe. Nassor alimweleza yote, baiskeli na kila kitu, na siku iliyofuata pikapu ikasimama mlangoni, wakashuka Bi Maryam na Bi Rukia. Walinijulia hali, wakanipa machungwa na chupa ya supu, kisha wakakaa upande wa pili wa pazia, mimi huku nikijifanya nimesinzia. Zuhura alikuwa anakaanga vitumbua. Bi Rukia alianza. Baiskeli! Mwanamke mjane, porini, na wanaume! Watu wakisikia? Salim akisikia? Bi Maryam akamgeukia binti yake. Alisema tu, "Zuhura, hebu nisimulie ilivyokuwa." Zuhura akamsimulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Alisimulia damu, mtandio, mawe, alivyodhani amekufa kwenye jiwe la pili, alivyowakuta wale kaka wakila na akawaondoa kwenye chakula chao. Mama yake akawa anasema "ehee" na "lahaula" pale panapostahili. Alipomaliza akageuza vitumbua kwenye mafuta.

"Sasa Salim tumjibu nini?" Bi Rukia akauliza.

"Shangazi, nakuheshimu," Zuhura alisema. "Bwana Salim simtaki. Sijasema sitaolewa. Yeye simtaki, na kwa sasa sitaki mtu."

"Umemsikia Maryam? Umesikia anavyojibu?"

"Nimemsikia," alisema Bi Maryam. "Rukia wifi yangu, miezi yote ile nilikuwa naingia chumbani kwake kusikiliza kama anapumua. Nilishajitayarisha kumzika. Leo ananijibu kwa sauti na anakaanga vitumbua. Mie mtoto ninayemtaka ndiye huyu. Salim mpelekee salamu zetu, mwambie Mungu atampa mwingine."

Baadaye kidogo nikamsikia Bi Rukia akiuliza kama hivyo vitumbua vimetiwa iliki, na Zuhura akamwekea sahani.

Plasta ilipotoka nilikuwa nimenenepa. Zuhura alirudi Kinondoni, ila hakurudi chumbani. Alimwomba baba yake amweke dukani Mabibo, kwenye vipuri, na yule mzee, ambaye katika mambo yote haya alikuwa amekaa kimya na gazeti lake, akasema ni sawa, huenda sasa hesabu zitanyooka. Duka hilo ndilo analoliendesha hadi leo, na ndiko alikokutana, miaka kadhaa baadaye, na mume wake wa sasa, fundi mpole ambaye Bi Rukia alimpenda kuliko wakwe zake wote. Upande wangu, mwalimu mkuu aliniita vuli ilipoanza akaniuliza habari ya ule uhamisho niliokuwa nimemdokeza. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza kwa kirefu. Nikasema tu, "Nimeghairi, mkuu," akasema vizuri, basi nichukue na darasa la nne. Nimejenga hapa hapa Kibamba.

Jumamosi ya mwisho ya mwaka ule Bi Maryam alitangaza kwamba anataka kupaona hapo Meno. Tukamchekea. Hakuwa anatania, alivaa raba za Nassor ndani ya buibui, akabeba kikapu, akapanda pikapu. Gari lilipoishia tulimpandisha kwa miguu, Gaudence akimvuta mkono mmoja na mimi mwingine, akipumzika kila baada ya hatua chache na kuuliza nani ana shamba hili na kwa nini halipaliliwi. Tulipofika juu ya Meno alisimama akatweta, akapatazama. Zuhura alimuuliza kama yuko tayari, kisha akashuka. Aliushuka sasa bila haraka, kwa ustadi, akikwepa na kuinuka, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Bi Maryam alinikaba mkono hadi kucha zikaingia. Midomo ilimcheza kwa dua wakati wote ule, na Zuhura alipofika bondeni na kugeuka akatupungia mkono, mama yake alishusha pumzi akaniambia, "Walivyonisimulia nilidhani ni jabali. Kumbe ni mawe tu." Akafikiri kidogo. "Lakini mie nisingeshuka."

Tulimteremsha pembeni, taratibu, Nassor mbele, sisi ubavuni, na alicheka njia nzima. Chini kwenye kivuli alitandika khanga, akafungua kikapu: sambusa, mkate wa kumimina, nyama ya kukaanga. Alianza kugawa, Gaudence kwanza kwa kuwa ni mgeni, kisha mimi mgonjwa wake. Zuhura alikuwa bado amesimama na baiskeli, vumbi hadi kwenye kope. Aliinama akachomoa sambusa, akaila, akachomoa nyingine, na mkono ulipokwenda ya tatu Bi Maryam aliupiga kofi. "We mtoto!" alifoka, macho yakiwa yamemjaa machozi. "Wenzio hawajapata!"